Sura ya 7: Kung'arisha ni Kupunguza

Ukitaka kujua gari la mtumba limeishi maisha gani, anza na paa. Saa ya kilomita inaweza kurudishwa nyuma, viti vikavalishwa vitambaa vipya, injini ikaoshwa mpaka ikameremeta. Paa husahauliwa. Panda juu ya kigoda ulitazame. Kama gari ni jeusi au la rangi ya fedha, tafuta mabaka yaliyopauka na magamba membamba yanayoinuka karibu na kioo cha mbele. Kisha shuka utazame milango. Mara nyingi utaikuta mizima, ingawa ilipakwa rangi siku moja na paa hilo, katika kiwanda kilekile.

Tofauti hiyo imeletwa na jua. Kibaha na Kisarawe ziko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Huku jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba, na mwale wake hutua wima juu ya paa na boneti. Tokyo, jua la mchana wa Desemba halifiki hata nusu ya njia kuelekea utosini. Ndiyo maana Toyota IST au Noah iliyokaa miaka kumi Japani huweza kuteremka bandarini Dar es Salaam ikiwa na rangi yenye nguvu, halafu ikazeeka ghafla ndani ya miaka michache ya kuegeshwa wazi Maili Moja ya Kibaha au Kisarawe mjini.

Sura hii ni ya mwenye gari la namna hiyo na ya fundi anayemhudumia. Hoja yake ni moja: kung'arisha rangi ni kuipunguza. Hakuna mashine, dawa wala kitambaa kinachoweza kuongeza unene wa rangi ya kiwandani. Mkwaruzo hautoki kwa kujazwa. Unatoka kwa kushusha eneo lote linalouzunguka mpaka lilingane na kina chake. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza gari litang'aa kiasi gani, uliza rangi imebaki kiasi gani.

Tabaka nne, unene mmoja mdogo

Kibaha si mgeni katika uundaji wa magari. Katika miaka ya 1980 malori ya Scania yaliunganishwa hapa na kampuni ya umma ya TAMCO, na eneo la kiwanda hicho bado linaitwa kwa jina hilo. Leo malori ya FAW yanaunganishwa katika mji huohuo. Wakazi wengi wa hapa wanajua kwamba gari ni vipande vilivyokutanishwa. Rangi nayo ni hivyo hivyo.

Kiwandani, bodi tupu la chuma huzamishwa ndani ya bwawa la rangi ya kwanza huku umeme ukipitishwa, ili rangi hiyo ishike kila pembe hata ndani ya matundu. Kazi yake ni kuzuia kutu. Juu yake hufuata praima, inayosawazisha uso. Tabaka la tatu ni rangi yenyewe, iwe bluu, nyekundu au fedha. La nne halina rangi. Mafundi huliita kilia. Hilo ndilo linalobeba mng'ao, na ndilo lenye dawa ya kuzuia miale ya urujuanimno isiifikie rangi iliyo chini.

Tabaka zote nne zikijumlishwa, unene wa kawaida ni kati ya mikroni 100 na 140. Mikroni 1 ni sehemu moja ya elfu ya milimita, na unywele wa mtu una mikroni 70 hivi. Kilia peke yake huwa na mikroni 35 hadi 50, yaani hakifiki unene wa unywele mmoja. Polishi nyepesi huondoa kama mikroni 1 hadi 3. Msasa namba 2000 ukifuatiwa na kompaundi kali, yaani polishi ya kukata, unaweza kuondoa 5 hata 10 kwa kazi moja. Mafundi waangalifu hujiwekea mpaka: wasipunguze zaidi ya mikroni 8 hadi 10 katika maisha yote ya gari. Wakipita hapo, kinga dhidi ya jua inakuwa nyembamba mno, na gari lililotoka gereji likimetameta huanza kubambuka baada ya misimu michache.

Sasa fikiria gari ambalo yadi ya kuuzia magari ililipiga kompaundi ili liuzike, mnunuzi wa kwanza akalipiga tena kabla ya harusi ya ndugu yake, na dalali akalipiga mara ya tatu kulitafutia mteja. Kila mmoja alifurahia mng'ao. Wewe wa nne ndiye unayepokea kilia kilichokwisha.

Yapo magari yasiyo na kilia kabisa. Toyota nyingi nyeupe zenye namba ya rangi 040 zilipakwa tabaka moja la rangi inayong'aa yenyewe. Namba hiyo husomwa kwenye kibati kilicho ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango. Rangi ya namna hii ikizeeka, ukiipitishia kiganja hutoka na ungaunga mweupe, na polishi nyepesi huirudisha vizuri. Nyeusi ya Toyota namba 202 ni laini mno na hukwaruzika hata kwa taulo lisilo safi. Kwenye gari lenye kilia, mambo ni kinyume: ukisugua kwa kitambaa cheupe kikatoka na wekundu au ubluu, simama hapo hapo. Umeshafika kwenye rangi.

Vumbi la vilima vya Pugu

Vilima vinavyobeba mji wa Kisarawe na misitu ya Pugu na Kazimzumbwi vina hazina kubwa ya kaolini, udongo mweupe laini unaotumika kutengenezea vyombo vya kauri, karatasi na hata rangi za kupaka. Katika kipimo cha ugumu cha Mohs, kinachoanzia 1 hadi 10, kaolini haizidi sana 2. Ingekuwa peke yake isingelidhuru gari. Lakini kaolini ya Pugu imekaa ndani ya mawe ya mchanga, pamoja na chembe za kwatzi, ambayo ugumu wake ni 7. Chembe hizo hukata kilia bila shida.

Vumbi linalotua juu ya gari linalosafiri kati ya Kisarawe, Maneromango na Mlandizi lina vyote viwili: unga laini unaoonekana kama hauna madhara, na chembe ngumu zilizofichwa ndani yake. Anayepangusa vumbi hilo kwa kitambaa kikavu asubuhi, ili tu gari lionekane safi ofisini, analipiga msasa. Ushahidi wake unaonekana jua likiwaka: mikwaruzo midogo isiyohesabika inayojipanga kwa duara kuzunguka mng'ao wa jua kwenye boneti. Wengi hudhani hiyo ni rangi kuzeeka. Sehemu kubwa ni alama za kuoshwa vibaya.

Dawa yake ni utaratibu, wala si gharama. Mwagia gari maji mengi kwanza, kuanzia paa kushuka chini, kabla ya kuligusa kwa chochote. Tumia ndoo mbili: moja ya maji ya sabuni, nyingine ya kusuuzia taulo kila baada ya kupitisha upande mmoja. Dodoki na sabuni ya unga viache jikoni. Dodoki hukwaruza, na sabuni kali huondoa nta yote iliyokuwa ikilinda kilia. Rimu na sehemu za chini zioshwe mwisho, kwa taulo la peke yake. Taulo likianguka chini, liweke kando hadi lifuliwe, hata kama mteja ana haraka.

Kunguru, mwembe na maji ya kisima

Kunguru weusi wenye shingo ya kijivu waliletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 ili wasaidie kusafisha mji. Tangu hapo wameenea pwani yote na kuingia bara, na wenye magari wa Kibaha wanawajua kwa kinyesi chao. Kinyesi cha ndege kina tindikali, lakini nguvu yake kubwa hutokana na joto. Mchana kilia hupata moto, hulainika na kutanuka. Jioni hupoa na kujibana kulifuata umbo la kile kinyesi kilichokauka juu yake. Alama inayobaki haioshwi kwa sabuni. Kinyesi kitolewe siku hiyohiyo: lowesha kitambaa, funika nacho kinyesi kwa dakika chache, kisha nyanyua vyote bila kusugua.

Kivuli nacho kina gharama yake. Kibaha na Kisarawe ni nchi ya miembe na mikorosho, na watu huegesha chini yake kukimbia jua. Utomvu wa mwembe ni mkali kiasi cha kuunguza ngozi ya mchumaji na ganda la embe lenyewe, na ukikaukia juu ya kilia huacha doa. Banda la mabati, hata dogo, ni bora kuliko mti mkubwa.

Maji nayo yatazamwe. Mtambo wa Ruvu Juu ulioko Mlandizi hulisha Kibaha, na mji wa Kisarawe ulipata mradi wake mkubwa wa maji kutoka Kibamba mwaka 2020. Penye bomba, tatizo ni dogo. Anayeosha kwa maji ya kisima yenye chumvi na chokaa, akaliacha gari likauke juani, atapata duara nyeupe kila tone lilipokauka. Zikiwa changa, siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu huziyeyusha. Ipake kidogo, kisha suuza haraka. Zikikaa wiki kadhaa, huchimba kilia, na hapo polishi pekee ndiyo itakayosaidia.

Adui wa mwisho ni chuma. Anayeegesha jirani na fundi wa mageti hupokea cheche za grainda, na magari ya Barabara ya Morogoro hupokea unga wa breki za malori. Chembe hizo hujikita ndani ya kilia na baadaye hutoa vidoa vya kutu vya rangi ya chungwa. Pitisha kiganja juu ya boneti iliyooshwa: kama inakwaruza, chembe zimo.

Pima kabla ya kugusa

Fundi makini huanza na kifaa kidogo cha kupima unene wa rangi. Hukiweka juu ya bodi na kusoma mikroni, sehemu tano au sita kwa kila kipande, na kuandika. Usomaji wa 110 au 130 gari zima ni dalili ya rangi ya kiwandani. Mlango mmoja ukisoma 250 huku mingine ikisoma 120, mlango huo umepakwa upya. Ukisoma 600 au zaidi, chini yake kuna pati, yaani kijazio cha mabonde. Paa likisoma 80, liache. Limeshakatwa vya kutosha. Kifaa hiki hakisomi bampa za plastiki, na asiyekuwa nacho anaweza kutumia sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa: juu ya pati nene sumaku hushika kwa udhaifu.

Karatasi ya mnada wa Japani nayo ni shahidi, kama muuzaji ataitoa. Herufi A kwenye mchoro wa gari ni mkwaruzo, U ni bonde, W ni alama ya kunyooshwa na kupakwa upya, S ni kutu, na XX ni kipande kilichobadilishwa. Namba inayofuata herufi huonyesha ukubwa. W3 ni kazi mbaya inayoonekana kwa macho.

Kipimo cha tatu ni spiriti. Yapo mafuta ya silikoni yanayojaza mikwaruzo kwa muda, na gari lililopakwa hung'aa kwa wiki mbili tu. Mnunuzi aombe kupangusa sehemu ndogo kwa spiriti iliyochanganywa na maji, kisha aitazame juani kwa pembe. Muuzaji mwaminifu hatakataa.

Kazi yenyewe

Baada ya kuosha, ondoa chembe za chuma kwa dawa maalumu inayogeuka zambarau inapozigusa, suuza, kisha pitisha udongo wa kusafishia rangi. Udongo huu wa kutengenezwa, uliobuniwa Japani na kuenea duniani miaka ya 1990, huteleza juu ya maji ya sabuni na kunyofoa uchafu uliojikita. Ukidondoka chini, utupe.

Kausha, ingiza gari kivulini, na funika kwa utepe wa karatasi kingo zote, mipira ya milango na plastiki nyeusi. Kwenye kingo rangi huwa nyembamba zaidi, na ndiko mashine huwahi kufika kwenye chuma. Usifanye kazi saa sita mchana. Boneti nyeusi iliyotoka juani inaweza kupita nyuzi joto 60, na kompaundi itakauka kabla haijafanya kazi.

Mashine ziko za aina mbili. Ile inayozunguka kwa mhimili mmoja hukata haraka, hutoa joto jingi, na mikononi mwa mwenye pupa huchoma rangi kwa sekunde chache. Ile ambayo pedi yake huzunguka huku ikiyumba hukata polepole na husamehe. Kwa gari la mtumba ambalo historia yake haijulikani, ya pili ndiyo salama.

Kisha ifuate kanuni inayomtenganisha fundi na mpiga kazi: anza na kile kilicho dhaifu kuliko vyote. Chagua eneo la sentimita 50 kwa 50 kwenye boneti. Tumia pedi laini na polishi nyepesi, pita mara nne hadi sita kwa mwendo wa taratibu, pangusa kwa spiriti, tazama kwa tochi. Kama matokeo yanatosha, gari zima lifanywe hivyo. Kama hayatoshi, badilisha polishi kwanza, pedi baadaye, na kompaundi kali iwe ya mwisho. Kazi iliyoanzia kwenye kompaundi imetumia akiba ya rangi kabla ya kujua kama ilihitajika.

Mwisho ni kinga. Nta ya karnauba, inayotokana na majani ya mti wa Brazili wa jamii ya mnazi, hutoa mng'ao mzuri lakini katika joto letu haidumu miezi mingi. Kinga za kutengenezwa hudumu zaidi, na zile za seramiki zaidi ya hizo, ilimradi zipakwe juu ya rangi iliyosafishwa vizuri. Anayeweza kupaka mara mbili tu kwa mwaka apake Februari na Septemba, ili kinga iwe mpya jua linapopita utosini, kabla ya masika na kabla ya vuli.

Mahali polishi inapoishia

Kilia kilichoanza kubambuka hakirudi. Kukipiga polishi ni kupanua kingo za jeraha. Magari meupe yanayobambuka vipande vikubwa hadi chuma kuonekana yana tatizo lingine tena: jua limeharibu mshikamano wa tabaka za chini, na baadhi ya modeli za Toyota zimewahi kupewa dhamana ya ziada ya rangi kwa sababu hiyo katika masoko ya nje. Hapo kipande kinahitaji kupigwa msasa chote na kupakwa upya.

Na hapa kuna jambo zito kuliko mng'ao. Kilia cha kuchanganya na hadina, yaani kigumishi, kina kemikali ziitwazo isosianati, ambazo ni miongoni mwa vyanzo vikuu vya pumu inayotokana na kazi. Kijana anayepuliza kilia chini ya mwembe akiwa amejifunga kitambaa puani hajalindwa hata kidogo, mvuke unapita. Anahitaji barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba, glavu na miwani. Mwenye gari anapopunguza bei mpaka fundi ashindwe kununua barakoa, anajipunguzia gharama kwa mapafu ya mtu mwingine. Tuulize kuhusu barakoa kwa uzito uleule tunaoulizia bei.

Kati ya kinachotoka kwa polishi na kinachohitaji kupakwa upya, uko mkwaruzo wa katikati. Pitisha ukucha juu yake. Ukucha usipokwama, polishi itauondoa mkwaruzo. Ukikwama, mkwaruzo umeshapita kina salama, na jibu sahihi la fundi ni hili: "Utapungua, mama, lakini sitautoa wote. Nikiutoa nitafika kwenye rangi." Mteja asikie jibu hilo kama ushahidi kwamba amefika kwa mtu anayejua kazi. Kingo za mkwaruzo zilainishwe, zisishike mwanga sana, na unene uliobaki uachwe ufanye kazi yake ya kuzuia jua.

Mwambie fundi aandike vipimo vya mikroni kabla ya kazi na baada ya kazi, kipande kwa kipande, pamoja na tarehe na aina ya polishi aliyotumia. Karatasi hiyo iweke pamoja na kadi ya gari. Siku utakapoliuza, mkabidhi mnunuzi vyote viwili, ili fundi wake aanze kazi akijua rangi imebaki kiasi gani na wapi hapaswi kugusa tena.